Hesabu ya shingo ya bamkubwa

Najua nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi, na wale mlioniulizia pale kafteria nawashukuru. Sikuwa napiga msuli, wala boom halijanipeleka mjini. Nilikuwa kwa bamkubwa.

Mzee huyu amefundisha hisabati miaka mingi mpaka akastaafu, na ndiye aliyenishawishi nichukue ualimu (lawama zote apelekewe yeye). Asubuhi moja kikombe cha chai kilimponyoka mkono wa kulia. Akataka kusema kitu, maneno yakagoma. Baada ya kama dakika 10 kila kitu kikarudi sawa. Zahanati moja wakamwambia ni uchovu. Mama mkubwa hakukubali, akampeleka hospitali, na ultrasaundi ya shingo ikaonyesha ateri ya kushoto, ile inayopandisha damu kwenye ubongo, imebanwa na mafuta kwa asilimia 80.

Nilipofika, shikamoo hata haijaisha vizuri, akaniuliza: "Mwanangu, wewe si unasoma baiolojia? Hebu nieleze." Na mimi kwa kujiamini nikamwambia upande wa kushoto wa ubongo unakosa asilimia 80 ya damu. Jamani, nilichemka! Mzee akachukua kalamu. Kipenyo kikibaki asilimia 20, eneo la tundu linabaki asilimia 4 tu. "Sasa kwa hesabu yako, hapa unaongea na nani?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi chuo, nikajifungia maktaba, na safari hii bila desa la mtu.

Kumbe ukubwa wa tundu shingoni ni jambo moja, na damu inayofika ubongoni ni jambo lingine. Ubongo una njia za pembeni. Chini yake ateri zimeungana kwa duara, lile ambalo Thomas Willis alilieleza mwaka 1664, kwa hiyo upande wa kulia unaweza kuukopesha wa kushoto. Halafu mishipa midogo ya mbele inajitanua ili damu ipite kirahisi. Ni kama maji ya hosteli yakipungua nguvu, unafungua koki mpaka mwisho. Shida ni kwamba ukishafika mwisho huna tena cha kufungua.

Ndiyo maana watu wakatafuta namna ya kupima damu yenyewe. Kule Marekani, mwaka 1945, Seymour Kety na Carl Schmidt walitoa njia yao: mtu anavuta gesi ya naitrasi oksaidi kidogo kwa dakika 10, huku wakilinganisha gesi iliyo kwenye damu inayoingia ubongoni na iliyo kwenye damu inayotoka. Hapo ndipo tukapata ile takriban mililita 50 kwa kila gramu 100 za ubongo kila dakika. Bamkubwa alipiga hapo hapo: ubongo wa gramu 1400, mililita 700. Ila hiyo ni ya ubongo mzima. Haikwambii kama kushoto kuna njaa.

Yeye alipimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kinachowekwa kwenye panja, mfupa ulipo mwembamba. Rune Aaslid na wenzake ndio walioonyesha mwaka 1982 kwamba inawezekana, na siku hizi hutumika pia kwa watoto wenye selimundu. Kinapima mwendo wa damu, si ujazo. Akaambiwa abane pumzi kama sekunde 30. Hewa ukaa ikipanda, mishipa midogo hutanuka na damu hukimbia zaidi. Kulia mstari ukapanda vizuri. Kushoto ulitikisika tu, ukalala.

Koki ilikuwa imeshafika mwisho.

Daktari alisema upasuaji wa kuondoa yale mafuta ungehitajika hata bila kipimo hiki, maana dalili zilishaonekana. Kipimo kimemwambia mambo mengine: presha ya mzee isishushwe kwa pupa sasa hivi, na akishafunguliwa aangaliwe sana, damu isije ikaingia kwa kishindo kwenye mishipa isiyoweza kujibana.

Bamkubwa amelipokea vizuri kuliko sisi. Jana mama mkubwa alimkuta sebuleni kabana pumzi anaangalia saa. Alikoma, kwa maneno aliyopewa!

Upasuaji ni Alhamisi. Kwenye semina sitakuwepo, atakayeandika vizuri naomba aniwekee.