Betri Zetu Hazikufa, Tuliziua

Saa nane usiku, kando ya Ziwa Magadi, friji ilinyamaza. Ule mngurumo mdogo ambao nimeuzoea hadi siusikii tena ulikatika, ukajaribu kurudi, ukakatika kabisa. Nikamulika kwa simu ile mita ya volti iliyo karibu na mlango. 10.6. Kama hujui mambo ya betri, hiyo ya volti 12 ikisoma hivyo haina kitu.

Mathe alikuwa amelala nyuma. Insulini yake ilikuwa ndani ya friji hiyo.

Wasee, mnajua hii gari. Nimewapostia mapazia, kitanda cha kukunja, paneli ya sola juu ya bodi, mpaka sufuria. Ni HiAce iliyokuwa matatu ya abiria kumi na wanne, mimi na bro tukainunua ikiwa tayari imegeuzwa nyumba. Betri sijawahi kupost hata siku moja. Betri haipendezi kwa kamera, inakaa chini ya kiti na watu huikumbuka ikishakufa.

Kalamu ya insulini ambayo mathe ameshaanza kutumia inaweza kukaa nje karibu wiki nne, mradi joto lisipite nyuzi 30. Zile hazijafunguliwa ndizo hutaka friji, nyuzi 2 hadi 8. Na Magadi hiyo 30 unaipita kabla hujamaliza chai ya asubuhi. Mathe hakupanic. Alilowesha leso, akazifunga kalamu ndani ya karatasi ya nailoni kisha ndani ya leso, akaziweka mahali upepo unapita. Alisema zamani muuguzi aliwafundisha kutumia mtungi wa udongo, maji yakikauka yanaondoka na joto. Halafu akatuangalia. "Si mliniambia hii gari ina stima kuliko kwangu?"

Hakuna aliyejibu. Bro aliwasha injini, tukarudi Nairobi usiku huo huo. Kalamu zilifika salama. Sisi ndio tulifika na aibu.

Asubuhi tuling'oa kiti. Chini kulikuwa na betri mbili ambazo tuliuziwa na gari, tukaambiwa ni za sola. Tulizibeba hadi Kirinyaga Road, kule watu bado huita Grogan, kwa fundi wa umeme wa magari ambaye ametuokoa mara nyingi. Hakuhitaji hata kupima. Alisoma lebo ya ile ya kwanza, akacheka. Ilikuwa N70, saizi ya kawaida ya gari.

"Kijana wangu, huyu ni wa kuamsha injini. Si wa kulisha friji."

Betri ya kuamsha injini ina sahani nyembamba nyingi za risasi, ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache kisha altaneta iirudishie. Ya sola sahani zake ni nene, kwa hivyo inaweza kutoa kidogo kidogo usiku mzima bila kuharibika haraka. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni lebo. Ukiona herufi CCA zimeandikwa kwa kiburi, hiyo ni ya kuamsha injini. Ya sola hujisifia Ah. Ile ya pili kweli ilikuwa ya sola, Ah 100, lakini mzee, imefura ubavuni. Na zilikuwa zimeunganishwa pamoja, kumaanisha usiku kucha ile dhaifu ilikuwa inamnyonya mwenzake. Usichanganye betri nzee na mpya, wala aina mbili tofauti.

Nilikuwa tayari kumtukana aliyetuuzia. Kisha nikarudi kwa video zangu. Kwa angalau nne unaona ile mita nyuma yangu ikisoma chini ya 11.5, na mimi hapo mbele nachaji laptop nikiwaambia maisha ni matamu. Betri ya risasi ukitaka iishi, tumia nusu yake tu. Sisi tulikuwa tunaimaliza kama juisi, mpaka ile sauti ya mrija.

Ndio nikafanya kitu ambacho ningefanya kabla ya kununua hii gari: hesabu. Friji yetu ni wati 45, karibu ampia 4 ikiwa inafanya kazi. Limuru inapumzika sana, Magadi inafanya kazi nusu ya siku. Masaa 12 mara 4 ni Ah 48. Feni usiku, kama 14. Simu, taa, laptop na kamera, weka 18. Jumla Ah 80 kwa siku. Paneli yetu ya wati 200, jua likiwa zuri, inaleta kama 60. Unaona hilo pengo? Kila siku tulikuwa tunakopa 20, na hakuna siku betri ilijaa. Na betri ya risasi ikikaa bila kujaa, chumvi za salfeti zinagandana kwa sahani na nafasi inapungua polepole.

Kwa hivyo hata tungenunua mpya za aina ile ile, tungeziua tena.

Hapo ndipo mimi na bro tulikosana. Yeye alitaka mbili za jeli, Ah 100 kila moja, dukani zilikuwa 19,000 kwa moja. Betri za maji tulishazitupa nje ya mjadala, zikichajiwa hutoa haidrojeni na sisi tunalala juu yake. Mimi nilitaka lithiamu moja ya Ah 100, aina ya LiFePO4, 52,000. Bro akaniambia nataka kuonekana tu. Ukweli ni kwamba alikuwa sahihi kidogo.

Lakini hebu tazama. Jeli mbili ni Ah 200 kwa lebo, 100 kwa matumizi, na karibu kilo 60 chini ya kiti. Lithiamu moja inakupa 80 hadi 90 bila kulalamika, na ina kilo kama 12. Inachajiwa na kutumika mara elfu kadhaa, ile ya risasi mara mia kadhaa. Lakini kilichomnyamazisha bro ni kitu kingine: lithiamu haijali kukaa nusu. Isipojaa wiki nzima, haiumii. Kwa watu wenye pengo kama letu hiyo ndiyo sababu.

Bei haikuishia hapo, na hapa ndipo watu wengi hudanganywa. Lithiamu huvuta moto mwingi kutoka kwa altaneta hadi inaweza kuichoma, kwa hivyo unahitaji chaja ya kuweka katikati. Yetu ni ya ampia 20, masaa matatu ya kuendesha inaleta kama 60. Kidhibiti cha sola lazima kiwekwe kwa mpangilio wa lithiamu. Na ile mita ya volti haikusaidii tena, kwa sababu volti za lithiamu hukaa palepale karibu mpaka mwisho. Tulinunua mita inayohesabu ampia zinazoingia na kutoka. Siku ya kwanza tuliichosha betri makusudi tukihesabu. Ilitoa Ah 97, nikapumua.

Kama wewe unaenda kulala Naivasha mara mbili kwa mwaka na cooler ya barafu, tafadhali usininukuu. Nunua jeli moja, ijaze kabla ya kuihifadhi, doo zingine weka mafuta.

Zile nzee bado ziko kwa balcony ya mathe. Mse wa skrapu alipita akatoa bei kwa kilo, pesa mkononi, na nilikuwa nimeshazibeba hadi kwa ngazi kabla nimuulize anazipeleka wapi. Hakujua. Nikakumbuka Owino Uhuru, kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia risasi kwa damu ya watoto. Phyllis Omido alifanya kazi hapo, mtoto wake mwenyewe akapatikana nayo. Alipewa tuzo ya Goldman 2015, na 2020 korti ikaamuru wakaaji walipwe bilioni 1.3. Nikazirudisha juu. Kuna maduka ya betri hupokea za zamani na kukupunguzia bei ya mpya, lakini sisi tulinunua lithiamu kwa duka lisilogusa risasi. Fundi wa Grogan anatutafutia pa kuzipeleka.

Mathe anauliza kila Jumapili zinaondoka lini. Pia ameuliza tunarudi Magadi lini, na ameshanunua mtungi wa udongo wa kubeba.