Mshale wa spidi ulipohamia katikati

Gari letu la zamani lilikuwa na mshale wa spidi nyuma ya usukani. Niliuona mimi peke yangu. Kwenye Toyota IST ya 2003 tuliyonunua baadaye, mshale upo katikati ya dashibodi, abiria wote wanauona. Nilidhani ni urembo tu.

Jumapili moja tulikuwa tunarudi Nyasubi kutoka Shinyanga. Tulipofika penye nyumba pale Isaka, binti yangu wa darasa la nne akauliza kutoka kiti cha nyuma: “Baba, kibao kimeandika 50, mbona mshale upo 80?”

Mama yake alinyamaza. Nikakanyaga breki.

Wazazi wenzangu, trafiki wanapiga tochi mara mojamoja tu. Binti yangu yupo nyuma yangu kila safari.