Picha ya Vita na Sitara ya Maiti



Kuosha maiti wa kike ni kazi niliyorithishwa na marehemu bibi yangu, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Kabla hajanifunza kupima maji wala kutia kafuri, alinifunza kwamba ulichokiona chumbani hakitoki mlangoni. Mwosha huoshwa, kila amsitiriye mwenziwe leo atahitaji kusitiriwa kesho.

Kwa sababu hiyo, watu huniuliza nawaonaje wapiga picha wa vita. Je, si kinyume chetu? Sisi twafunika, wao wafunua. Swali hili limenikalia moyoni tangu picha za Gaza zilipoanza kuingia majumbani mwetu kwa simu, nasi hukaa na watoto kwenye futari huku vifo vikitupita vidoleni. Rai yangu ni kwamba mpiga picha mwema na mwosha maiti wana amana moja. Tofauti ni namna kila mmoja anavyoitekeleza.

Tarehe 17 Oktoba 2023, Mohammed Salem, Mpalestina na mpiga picha wa shirika la Reuters, alikuwa katika hospitali ya Nasser, Khan Younis. Katika chumba cha maiti alimwona mwanamke amechutama sakafuni, amemkumbatia mtoto wa ndugu yake, msichana wa miaka 5, aliyeuawa pamoja na mama na dada yake kombora lilipoipiga nyumba yao. Mwaka 2024 picha hiyo ilipewa tuzo ya Picha ya Mwaka ya World Press Photo.

Tuitazame kwa makini. Hakuna damu. Mtoto yumo ndani ya sanda nyeupe, wala uso wake hauonekani. Mwanamke naye ameinamisha kichwa, na uso wake umefichika nyuma ya mkono. Hatuoni jeraha wala chozi, lakini hakuna mwenye macho awezaye kusema kwamba hakuelewa. Salem mwenyewe alikuwa amejaaliwa mtoto siku chache tu kabla ya hapo. Picha hii yanithibitishia kwamba ushahidi na sitara vyaweza kukaa pahala pamoja.

Wako wasemao kwamba picha hazibadili kitu. Nawakumbusha Mohamed Amin, Muislamu mwenzetu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Oktoba 1984 alipiga filamu ya wenye njaa wa Korem, Ethiopia. BBC walipoirusha, walimwengu walishtuka, na misaada ikamiminika kutoka kila upande. Kabla ya filamu hiyo, maonyo yalikwisha kutolewa na wachache wakayasikiliza. Hata hivyo, picha ina mipaka yake. Mtazamaji wa mbali aliona ukame na watu waliokonda. Hakuona vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyochangia kuikuza njaa ile. Machozi hutoka upesi, lakini fahamu huhitaji maelezo.

Tusisahau pia gharama ya ushahidi huo. Mwaka 1991 Amin alikatika mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, na mwenzake John Mathai akafariki papo hapo. Tarehe 25 Agosti 2025, hospitali ile ile ya Nasser ilishambuliwa, na miongoni mwa waliouawa alikuwa Mariam Dagga, mpiga picha wa miaka 33 aliyelifanyia kazi shirika la Associated Press. Naye alikuwa mama wa mtoto wa kiume.

Basi mpaka u wapi? Mimi nauona katika idhini ya mfiwa. Mwaka 1955, Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, aliuawa kikatili na wazungu huko Mississippi. Mama yake, Mamie Till, aliamuru jeneza liachwe wazi na akaruhusu mwili ulioharibiwa upigwe picha, ili watu waone mwanawe alivyotendwa. Picha hizo zilizitia nguvu harakati za haki nchini Marekani. Mama yule alikuwa na haki ya kufunika, akachagua kufunua. Hali kadhalika baadhi ya wazazi wa Gaza, wanaowainua watoto wao mbele ya kamera. Hao wametoa ushahidi wao wenyewe, nasi hatuna ruhusa ya kugeuza uso.

Lakini je, asiyeulizwa? Hoteli ya DusitD2 ya Nairobi iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2019, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya miili ya waliouawa ikiwa pale pale mezani walipokuwa wameketi. Wakenya walihamaki, nalo Baraza la Vyombo vya Habari likataka picha iondolewe. Gazeti lilijitetea kwamba wasomaji wanastahili kuuona ukweli. Wengi wetu tuliuliza kama wafu wa kwao wangeonyeshwa hivyo, ilhali jamaa bado wanatafutana.

Wala tusiwalaumu wageni pekee. Katika mtaa wetu, kijana mmoja aligongwa na lori njiani akienda kazini. Picha yake, amelala barabarani, ilizunguka katika makundi ya simu kabla polisi hawajafika, na mamake akaipokea akiwa jikoni. Nilipokwenda kumpa mkono wa pole, hakuniuliza mwanawe alikufaje. Aliniuliza ni watu wangapi wamemwona vile. Sikuwa na jawabu, na hadi leo sina.

Shahidi hupeleka habari kwa anayeweza kusaidia au kuhukumu. Mwenye kusambaza tu humpelekea anayetaka kushangaa. Kwa hivyo, mama mwenzangu, picha ya maiti ikikufikia, jiulize: Wafiwa wamejua? Wameridhia? Uso na utupu vimesitiriwa? Yule nitakayempelekea ataifanyia nini? Majawabu yakikosekana, picha na ikome kwako. Na ikiwa ni ushahidi wa dhulma kama ule wa Salem, kaa na watoto wako wakubwa, waeleze ni nani amedhulumiwa, wapi na kwa nini, kisha toeni mnachoweza, hata kama ni dua.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa na kamera mikononi, awape subira wafiwa, na atusitiri sisi siku tutakapokuwa hatuna mkono wa kujifunika. Amin.