Uliza Logibuku Iko kwa Nani

Gari la kwanza la zamani nililolipia halikuwa linauzwa. Nilikuwa nimeshatuma elfu arobaini kwa M-Pesa, nimekodi lori la kubebea magari mabovu kutoka Nyeri mjini, na nimefika Giakanja saa tatu asubuhi, ukungu bado umelalia kahawa, ndipo shosho mmoja akatoka jikoni akijipangusa mikono kwa leso. Akaniuliza, "Kijana, umekuja kuchukua nini?"

Nikamwambia nimekuja kuchukua Peugeot. Akaniangalia mimi, akaangalia lori, akaangalia dereva ambaye tayari alikuwa anateremsha mnyororo.

"Peugeot ya nani?"

Ilikuwa ya marehemu mumewe. Mwanawe wa kwanza, anayeishi Nakuru, ndiye aliyeniuzia kwa simu na picha sita za WhatsApp. Mamake hakuwa amemwambia. Ndugu zake wanne pia hawakujua. Na logibuku, nilipokuja kuiona, ilikuwa bado kwa jina la mzee aliyezikwa 2011, hapo hapo bomani, hatua chache kutoka mahali niliposimama na risiti yangu ya simu.

Nilirudi mjini na lori tupu. Dereva alinitoza safari nzima, na sikuwa na mdomo wa kubishana.

Siku hizi marafiki wakitoka kwenye Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, au wakiona video za Safari Classic na zile Datsun na Porsche zikirusha vumbi, simu yangu huanza kulia. Manze, nataka kuanza na gari mzee, ninunue gani? Wanataka nijibu kuhusu injini. Mimi huwauliza kama wanajua kesi ya mirathi huenda vipi, na wengi huona nawaharibia mood.

Lakini fikiria. Kenya kwa kawaida hairuhusu gari lililotumika liingizwe nchini likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo hauwezi tu kuingia mtandaoni ukaagiza 504 ya 1976 kutoka ng'ambo jinsi unavyoagiza Vitz. Magari ya zamani tuliyo nayo ni yale yaliyokuwa hapa tayari. Na yalikuwa ya nani? Huku kwetu Nyeri yalikuwa ya walimu wakuu, makarani wa vyama vya kahawa, wafanyabiashara wa Karatina, mzee mmoja mmoja aliyepata bonasi nzuri. Watu hao wanafariki sasa. Ukiona gari zuri la zamani limefunikwa turubai nyuma ya nyumba, jua kwamba karibu kila mara liko katikati ya marehemu na watoto wake, na hao watoto hawajamaliza kuongea.

Na Peugeot hasa. Ukiuliza mtu wa miaka sitini huku mlimani, atakwambia "Pijo" kwa sauti anayotumia kutaja shule aliyosomea. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, halafu 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na ile kupe yake ya V6 ikarudi kushinda 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Sio ajabu basi kwamba kila aliyekuwa na pesa kidogo alitaka moja. Zilikuwa na springi ndefu na laini, zinameza mashimo. Zile za stesheni wageni zilibeba abiria, na za pikapu zikabeba kabichi, maziwa, na watu juu ya kabichi. Ile niliyoitaka mimi ilikuwa saluni, rangi ya krimu, gia ziko kwenye usukani, namba za herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho. Hiyo namba ndiyo iliniua. Ukinunua kwa sababu ya namba, wewe ni mgonjwa kama mimi.

Wiki mbili baadaye nilirudi Giakanja, safari hii kwa matatu, na kilo mbili za sukari na majani chai. Sikwenda kudai. Nilikwenda kuomba msamaha, na nikiwa mkweli, nilitaka kuliona gari tena. Shosho alinipa chai, tukakaa. Akaniambia kijana wake ana deni Nakuru, kwamba si mtu mbaya. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kwamba gari likitoka hapo bila watoto wote kukubaliana, yule wa pili atasema basi hata shamba linaweza kuuzwa hivyo hivyo. Kwangu lilikuwa hobi. Kwake lilikuwa jiwe la kwanza kutoka kwenye ukuta.

Hakuwa amefungua kesi ya mirathi kwa sababu kufungua kesi kungemaanisha kuzungumza kuhusu shamba. Miaka ilipita gari likioza kwa ajili ya ekari moja na nusu.

Kwa hivyo nikajifunza sheria ambayo sikutaka kujifunza. Mtu akifa, hakuna mwenye haki ya kuuza hata gurudumu lake la akiba mpaka korti itoe kibali cha usimamizi wa mali. Kabla ya hapo ukinunua, wewe na muuzaji mnaingilia mali ya marehemu, na hilo ni kosa kisheria. Familia huanza na barua ya chifu inayoorodhesha warithi. Wote wanatia sahihi. Ombi linaenda kortini, linatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na mtu yeyote ana siku 30 za kuleta pingamizi. Kibali kikitoka, mnangoja miezi 6 kabla ya kuomba kithibitishwe. Hapo ndipo uhamishaji wa umiliki unaweza kuanza kwenye eCitizen, na anayeuanzisha ni muuzaji, si wewe. Ukiambiwa "nipe pesa, mambo ya logibuku tutapanga", ujue hakuna kinachopangwa.

Sikuwashawishi wafungue kesi, na nisingethubutu. Binti yao wa mwisho, anayefundisha Nyeri, ndiye aliyeamua kwamba imetosha, kwa sababu zake mwenyewe. Ilichukua mwaka mmoja na miezi minne. Katika muda huo nilienda Giakanja labda mara tisa, na hapo ndipo nilipolijua gari, polepole, jambo ambalo nisingelifanya kama lile lori lingelibeba siku ya kwanza.

Mara ya tatu nilienda na fundi kutoka Ruring'u, mzee ambaye amekula maisha yake yote kwenye Peugeot. Hakugusa injini. Alitoa sumaku iliyofungwa kwa taulo ndogo akaanza kuipitisha kwenye milango na chini ya milango. Penye chuma inashika. Penye fila inateleza. Kwa mlango wa nyuma wa kushoto iliteleza kama iko kwenye sahani. Kisha akalala chini, akachomoa bisibisi, akaanza kuchoma sakafu ya gari, na bisibisi ikapita mahali pawili mpaka ndani.

"Injini usiogope," akaniambia akiwa bado chini. "Ogopa bati."

Alinieleza hivi. Injini ya 504 ina silivu zinazotoka, kwa hivyo silinda zikiliwa unabadilisha silivu na pistoni, bloku inabaki ile ile. Kabureta, plagi, pointi, hivyo vyote ni vitu vya kufungua na kufunga, na Kirinyaga Road Nairobi bado utapata mtu aliye na boksi chini ya kaunta. Lakini bodi ikiisha imeisha. Gari hili halina fremu ya chini kama lori. Sakafu na kingo zake ndizo mifupa yenyewe. Na Giakanja ni baridi na mvua. Mbaya zaidi, gari lilikuwa kwenye banda linalopakana na ng'ombe, na kuku walikuwa wanalala kiti cha nyuma. Mkojo wa ng'ombe na kinyesi cha kuku hula chuma kuliko mvua. Mimi nilikuwa naona picha nzuri ya Instagram, kuku ndani ya Peugeot. Fundi aliona hesabu ya welding.

Alichomoa kijiti cha oili akakinusa, akakipaka kwenye kidole. Ingekuwa kama uji wa maziwa, maji yangekuwa yameingia. Ilikuwa nyeusi tu. Injini ilikuwa imeshika, haizunguki. Akamimina dizeli kidogo kwenye kila tundu la plagi, akasema tuache. Tuliporudi baada ya wiki tatu, akaweka spana kwenye boliti ya krenki, akavuta taratibu, ikasogea. Shosho alikuwa amesimama mlangoni mwa banda. Hakusema kitu, akarudi jikoni.

Jambo moja zaidi alilolifanya, ambalo sasa nalifanya kila mahali: alisugua kutu mpaka namba ya chesi ikasomeka, tukailinganisha na logibuku herufi kwa herufi. Zikitofautiana, rudi nyumbani.

Bei tuliyokubaliana mbele ya watoto wote watano ilikuwa laki moja na ishirini. Nililipa kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya mirathi, siyo kwa simu ya mtu. Kisha nikatumia laki mbili na themanini kulifanya litembee, na karibu nusu yake ilikuwa sakafu, kingo na ule mlango. Kwa hivyo mtu akiniuliza awe na pesa ngapi, mimi huuliza gari ni ngapi, halafu namwambia awe na mara tatu ya hiyo, na asinunue lililopakwa rangi mpya. Lenye kutu inayoonekana angalau halikudanganyi. Bima ya tatu nilipata. Ile kubwa, niliowapigia waliniuliza mwaka wa gari, wakanyamaza, wakasema watanipigia.

Siku ya kulitoa Giakanja lilitoka likijiendesha lenyewe, bila lori. Nilimwomba shosho apande tumzungushe mpaka barabarani. Akakataa, akasema kuna baridi. Lakini alikuwa ameosha kile kiti cha nyuma kwa sabuni ya unga, na kilikuwa bado kibichi.

Ile elfu arobaini ya kwanza sijawahi kurudishiwa. Mwezi uliopita mwanawe wa Nakuru alinipigia, akanisalimia vizuri, akauliza kama naweza kumwazima gari la mzee kwa ajili ya harusi ya mtoto wake. Nikamwambia kabureta inasumbua.

Haisumbui. Nikampigia shosho nikamuuliza yeye anataka nini, na Jumamosi ijayo natoka Nairobi saa kumi alfajiri kwenda Nakuru, na maua kwenye boneti.