Kiasi cha Maji

Mjini Katesh, chini ya Mlima Hanang, mchoraji wa vibao huichuja rangi ya akriliki kwa kitambaa, kisha huitia maji tone kwa tone hadi itiririke kama maziwa ya ng'ombe. Ikibaki nzito, huziba tundu la bomba dogo la kupulizia. Maji yakizidi, gundi yake hulegea na herufi hubanduka ukutani. Tarehe 3 Desemba 2023, miamba dhaifu ya mlima huo ilinyonya mvua hata ikameguka, na tope likafukia nyumba na watu. Leo anaandika upya jina la duka juu ya ukuta mpya. Mwenye duka anamhimiza.

"Subiri, mzee," anajibu. "Haraka ya maji sote tumeiona."