Usoke: treni ya makopo na ujuzi wa babu

Treni ya Kigoma ikishatoka Tabora na kuipita Mabama, miombo husogea karibu na reli pande zote mbili. Mbele kidogo ni Usoke, wilayani Urambo. Si mji mkubwa. Kuna stesheni, maduka, mashamba ya tumbaku na baiskeli zilizobebeshwa madumu ya asali. Treni ya Mpanda nayo hupita hapahapa, kwa sababu njia hizo mbili huja kuachana Kaliua.

Abiria wengi huijua Usoke kwa dakika chache za dirishani. Hununua karanga, mayai ya kuchemsha, michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo inasemekana ndivyo vilivyoupa mji wa Tabora jina lake. Kisha honi hulia na safari huendelea. Wiki hii, msomaji, tushuke.

Njia ya miguu, kisha ya chuma

Kabla ya reli, nchi hii ilikuwa njia ya misafara iliyounganisha pwani, Tabora na Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mtu mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, wa pembe za ndovu wakielekea pwani, wa nguo na shanga wakirudi bara. Urambo, jirani na Usoke, ndiko alikotawala Mtemi Mirambo, aliyeitikisa biashara hiyo mpaka alipofariki mwaka 1884.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, jumla ya kilomita 1,250 hivi. Miongoni mwa mizigo yake ya mwanzo ilikuwa meli nzima. Meli ya Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika makasha kama 5,000, ikaletwa kwa reli hii ili iunganishwe upya Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kwa hiyo reli inayopita Usoke imezoea mashine zilizo vipande. Na ukikaa hapa mchana mmoja, utaona kwamba hata watoto wamezoea.

Bomba la moshi limetoka wapi?

Nyuma ya stesheni, chini ya mwembe, watoto wanne walikuwa wakiburuta treni yao. Boila lilikuwa kopo la maziwa ya unga. Magurudumu yalikatwa kwenye kandambili zilizochakaa, ekseli zikawa spoku za baiskeli. Mabehewa yalikuwa madumu madogo yaliyopasuliwa ubavuni, yamefungwa kwa kamba ya katani. Ilikuwa kazi safi. Ekseli zilizunguka bila kukwama, na kila behewa lilifuata la mbele yake hata kwenye kona.

Lakini mbele, juu ya kopo, walikuwa wamesimamisha betri kuukuu ya redio. Lilikuwa bomba la moshi.

Hapo nilishangaa. Vichwa vya treni vinavyopita Usoke ni vya dizeli, na hakuna hata mmoja wa watoto wale aliyewahi kuona treni ya mvuke ikitembea. Nikamuuliza aliyeonekana kuwa fundi mkuu, mvulana wa miaka tisa hivi, bomba hilo ni la nini.

“Babu amesema bila bomba moto haupumui,” akajibu, akaendelea kuburuta.

Nyumba ya babu haikuwa mbali. Mzee alikuwa uani, juu ya kigoda, akikoboa mahindi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu kiti.”

Aliingia reli miaka ya 1960 akiwa kijana, kazi yake ikiwa ni kumtilia dereva moto kati ya Tabora na Kigoma. Nilipomwambia namwona kwenye picha akitupa kuni tanurini, alicheka.

“Kuni zilikuwa za baba zetu. Sisi tulichoma mafuta mazito. Mkono wangu ulikuwa kwenye vali, macho yangu kwenye kioo cha maji.”

Kisha akanieleza kwa utaratibu wa mtu aliyewahi kufundisha wengine. Moto huwaka tanurini, joto lake hupita katika mirija mingi iliyozungukwa na maji, na maji huwa mvuke. Mvuke ukifunguliwa njia huingia kwenye silinda, husukuma pistoni, na pistoni huzungusha magurudumu. Mvuke uliokwisha kutumika hutupwa nje kupitia bomba la moshi, na kila unaporuka juu huvuta hewa mpya kupita tanurini. Ndiyo maana kichwa kikipanda mlima na kuanza kuhema kwa nguvu, moto nao huwaka zaidi wenyewe. Ile sauti tunayoiigiza kwa watoto ndiyo pumzi ya moto.

“Na maji?” nikauliza.

“Maji ndiyo roho. Yakishuka chini ya paa la tanuri, chuma kinaiva chekundu, kinalainika, kinapasuka. Moto ukizimika, dereva atakugombeza. Maji yakikuishia, hakuna wa kukugombeza.”

Mjukuu aliwahi kumwomba ruhusa aweke kopo lenye maji motoni, alizibe, aone kama treni yake itatembea. Mzee alimkatalia kwa ukali ambao mtoto hajausahau. Wazazi mnaosoma, mkataze nanyi. Kopo lililozibwa lenye maji, likiwekwa motoni, ni bomu.

Wakubwa wanaopanda treni ndogo

Ndoto ya mtoto yule, ya kuona treni aliyoiunda ikitembea kwa mvuke, wapo watu wazima wanaoiishi. Uingereza kuna wastaafu, walimu, mafundi na madaktari ambao kwa miaka mingi huunda vichwa vidogo vya treni ya mvuke katika mabanda ya nyuma ya nyumba. Si vya kuweka kabatini. Vina tanuri la kweli, makaa ya kweli na maji yanayochemka, na siku za mapumziko huvuta watu waliokaa kwenye vigari vya chini, watoto kwa wazee, kuzunguka bustani.

Jarida lao la Model Engineer lilianzishwa na Percival Marshall mwaka 1898. Miaka ya 1920 yalizuka mabishano makali kama kichwa kidogo sana kinachochoma makaa kinaweza kumvuta mtu mzima. Mwandishi mmoja aliyejulikana kwa herufi LBSC aliyamaliza kwa vitendo. Kichwa chake kiitwacho Ayesha, cha reli yenye upana wa milimita 63 tu, kiliwasha makaa na kuwavuta watu mbele ya mashahidi. Baadaye alichapisha michoro na maelezo ya hatua kwa hatua, ili hata mtu asiye fundi aweze kuanza.

Leo upana mmoja wanaoupenda sana ni milimita 127. Sisi tunaweza kuuelewa vizuri, kwa sababu reli ya Usoke ina upana wa mita moja, na milimita 127 ni karibu sehemu ya nane yake. Chukua kichwa kikubwa kuliko vyote vilivyotumiwa na Reli za Afrika Mashariki, daraja la 59, kilichoundwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1955 na 1956. Kilikuwa na urefu wa mita 31 na ushei na uzito wa tani 252. Ukikipunguza mara nane, urefu wake unakuwa karibu mita nne. Uzito haupungui mara nane tu, kwa kuwa urefu, upana na kimo vyote vimegawanywa. Nane mara nane mara nane ni 512, hivyo tani 252 zinakuwa karibu nusu tani.

Maji nayo hupungua kwa hesabu hiyohiyo. Boila dogo hubeba maji machache, na mtu akizubaa dakika chache kioo huwa tupu. Kwa hiyo anayeendesha treni ndogo hufanya kazi ileile ya mzee wa Usoke, tena kwa haraka zaidi. Ndiyo maana wana masharti. Boila kwa kawaida huundwa kwa shaba nyekundu na kuungwa kwa lehemu ya fedha. Mvuke wake hufikia paundi 80 hadi 100 kwa inchi ya mraba, kama mara tatu ya upepo wa tairi la gari dogo. Kabla halijawashwa kwa mara ya kwanza, boila jipya hujazwa maji baridi na kushindiliwa kwa pampu hadi mara mbili ya kipimo hicho. Likiwa na udhaifu, maji baridi huvuja tu, hayaui mtu.

Viwanda vimekufa, ujuzi umebaki mabandani

Unaweza kusema ni mchezo wa wenye nafasi, na fedha kweli zinahitajika. Lakini tazama kilichotokea. Vichwa vya daraja la 30, vyenye matangi makubwa ya maji yaliyofaa safari ndefu za nchi kavu kama hii yetu, viliundwa na North British wa Glasgow. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka 1962. Beyer Peacock ilifunga mwaka 1966. Mwaka 1968 shirika la reli la Uingereza liliacha mvuke kwenye njia zake kuu. Hata hivyo, ukitaka leo kumpata mtu anayejua kuunda boila, kurekebisha vali na kusikia kwa sikio kwamba mvuke unavuja, utampata bandani kwake, akiwa na mjukuu pembeni anayeshika tochi.

Kwetu, kimoja cha vile vya daraja la 30 kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Kina namba 3020 na jina la Nyaturu, kwa heshima ya majirani zetu wa Singida. Chuma kipo. Waliojua kukiamsha asubuhi ndio wanaopungua.

Nyumbani kwa mzee, nimekuta suala hilo likiwa la kifamilia kabisa. Ana taa ya mkono ya reli, spana mbili nzito na daftari lenye maandishi ya penseli. Mnunuzi wa chuma chakavu amepita mara mbili akiitaka taa na spana, kwa bei ya kilo. Kijana wake mkubwa, mkulima wa tumbaku, haoni ubaya.

“Mzee, taa haiwaki, na huyu mtoto anahitaji sare na viatu,” alisema mbele yangu, kwa upole.

Hoja yake ni ya haki. Baba hakubisha. Alisema tu kwamba bado hajamaliza kumwonyesha mjukuu namna taa ile ilivyomwambia dereva asimame, aende au arudi nyuma. Nilipoondoka, taa ilikuwa bado ukutani.

Reli mpya inakuja. Abiria walianza kusafiri kwa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini mwaka 2022. Hilo ni jema, na wafanyabiashara wa Usoke wanalisubiri. Lakini mtoto hawezi kuona umeme ukitembea kwenye waya. Moto, maji na pistoni huonekana kwa macho, na ndiyo sababu ni mwalimu mzuri wa kwanza wa ufundi.

Basi familia yenye mzee wa reli, wa meli au wa kinu cha mvuke isisubiri makumbusho. Mkae naye jioni tatu. Simu ya kawaida inatosha kurekodi sauti. Msimuulize habari za zamani kwa jumla, maana atawajibu kwa jumla. Mwulizeni alivyoanza zamu: aligusa nini kwanza, alitazama nini, alisikiliza nini, kosa gani lilimtisha. Mpeni mtoto karatasi achore kila kifaa kinachotajwa, na babu asahihishe mchoro. Kabla chochote hakijapimwa kwenye mizani ya chuma chakavu, mtoto akishike mkononi na aambiwe kilikuwa kinafanya kazi gani. Baada ya hapo, kama ni lazima kiuzwe, kiuzwe. Daftari lakini libaki.