Mbele Tangu Bunduki Ilipolia

Vijana wa riadha wanaokuja kunijulia hali huniuliza swali moja kuliko yote: je, Mzee, Filbert Bayi angemshinda John Walker kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976? Wanataka niseme ndiyo upesi, tuendelee na mazungumzo mengine. Mimi nilikimbia mita 1,500 miaka hiyohiyo, nyuma ya Bayi sana, na jibu langu halijawahi kumfurahisha mtu.

Kwanza ujue Bayi alivyokuwa akikimbia. Wakati ule tulifundishwa kujibanza kundini, umwachie mwenzako upepo, halafu uchomoke mita 200 za mwisho. Hivyo ndivyo nilivyokimbia mpaka nikaacha. Bayi, kijana wa Karatu aliyekuwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, aliondoka na mlio wa bunduki, hakumngoja mtu. Januari 1973, kwenye Michezo ya Afrika mjini Lagos, alimwacha Kipchoge Keino mwenyewe nafasi ya pili. Bado wapo waliosema ule ni utoto, akikua ataacha.

Hakuacha. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, alipita mita 400 kwa sekunde 54.9 na mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 52.2. Habari zilitufikia kambini kwa redio, tukashangilia ushindi. Nilipokuja kusikia hizo saa za njiani ndipo nikaketi chini. Kwa wengi wetu dakika 1 na sekunde 52 ulikuwa muda wa kutamba nao ukikimbia mita 800 tupu, kisha ulazwe nyasini upepewe. Yeye alikuwa na mita 700 mbele yake bado.

Walker, mwenyeji, alimkaribia mwishoni uwanja mzima ukimpigia kelele. Bayi akamaliza kwa dakika 3, sekunde 32.16; Walker sekunde 32.52, Ben Jipcho wa Kenya wa tatu. Rekodi ya dunia ya Jim Ryun, iliyokaa tangu 1967, ilikuwa dakika 3, sekunde 33.1. Maana yake Walker aliivunja rekodi ya dunia na bado akashindwa. Sijui kama mwanariadha anaweza kupewa adhabu kubwa kuliko hiyo. Muda wa Bayi ulibaki kuwa rekodi ya michezo hiyo hadi 2022, alipokuja Mwaustralia Oliver Hoare kuufuta mjini Birmingham.

Baada ya hapo wakawa wanapandishana. Mei 1975 Bayi alikimbia maili moja mjini Kingston, Jamaika, kwa dakika 3 na sekunde 51.0, akaichukua na rekodi hiyo kutoka kwa Ryun. Agosti mwaka uleule Walker akajibu kule Göteborg, Uswidi, kwa dakika 3 na sekunde 49.4, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 3:50. Nawaelewa. Mimi nami nilikuwa na mpinzani wangu, askari polisi wa Moshi, ambaye hatukusalimiana kwenye mstari wa kuanzia. Nilimchukia kwa dhati. Alipohamishwa kikazi akaacha mbio, nilidhani sasa nitatawala. Badala yake muda wangu ukadorora, na kocha hakuwa na dawa ya ugonjwa huo.

Sasa Montreal. Nchi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilisusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, na Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ikakataa kuifukuza nchi hiyo. Mwezi mmoja kabla, watoto walikuwa wamepigwa risasi Soweto. Tulifanya sawa, na kwa hilo sirudi nyuma. Walker akashinda kwa dakika 3 na sekunde 39.17, mwendo wa pole kwa watu wa kiwango kile, na hapo ndipo hadithi yetu ilipozaliwa kwamba siasa ndiyo iliyomnyang'anya Bayi dhahabu.

Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya michezo ile Bayi alishikwa na malaria. Aliyewahi kukimbia baada ya malaria anajua. Enzi zile klorokwini ilikuwa inaondoa homa, unasimama, unakula, watu wanakupongeza umepona, kumbe damu imepungua. Mzunguko wa kwanza unakwenda vizuri. Wa pili kifua kinaziba, miguu inakuwa ya mtu mwingine. Anayejificha kundini anaweza kuuficha udhaifu huo mpaka mwisho. Anayekimbia mbele hana pa kuuficha. Kwa hiyo huwajibu vijana hivi: Bayi wa Christchurch, ndiyo. Bayi wa Julai 1976, sidhani. Hawapendi. Kususia ni sababu yenye heshima. Kuumwa na mbu hakuna anayetaka kukutungia wimbo.

Mimi nilimalizwa na kisigino mwaka uliofuata, jambo lisilo na habari yoyote. Yeye aliendelea. Mwaka 1978 mjini Edmonton alipata fedha nyuma ya David Moorcroft, na 1979 Sebastian Coe akaichukua rekodi ya mita 1,500. Moscow 1980 Bayi aliingia mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akaongoza kwa pengo kubwa, hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipompata mzunguko wa mwisho. Bayi alimaliza kwa dakika 8, sekunde 12.48. Medali yake ya fedha na ile ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000 ndizo medali za Olimpiki za Tanzania, mpaka leo.

Vijana huuliza tena: kwa nini asingejibanza nyuma ya yule Mpoland, amalizie mwishoni? Angefanya hivyo angekuwa anakimbia kama mimi, na mimi Moscow sikuitwa.